Mwanangu haoni ubaoni, na shule inasema nimpeleke bweni

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ambako mimi na mume wangu tunalima mpunga. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wangu wa pili, ambaye katika barua hii nitamwita Baraka. Ana umri wa miaka 10 na yuko Darasa la Tatu.

Baraka alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, lakini sisi hatukujua. Tuliona weupe katikati ya mboni, tukaambiwa na wakubwa wetu kwamba ungeisha wenyewe akikua. Alipofika miaka minne, nesi aliyekuwa akimpima mdogo wake kliniki alimtazama, akatukemea kidogo, kisha akatuandikia rufaa. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa lenzi, akapewa miwani. Daktari alituambia wazi kwamba tulikuwa tumechelewa, na kwamba mtoto ataona lakini si kama wenzake. Mwaka jana tulimrudisha kupimwa, na katika karatasi tuliyopewa imeandikwa 6/60 kwa kila jicho akiwa amevaa miwani, pamoja na maneno ya Kiingereza ambayo siyaelewi. Karatasi hiyo nimeihifadhi, ila sijawahi kuipeleka shuleni kwa sababu hakuna aliyeiulizia.

Darasa lao lina wanafunzi zaidi ya 80, na Baraka anakaa dawati la nne pamoja na wenzake wawili. Mwalimu akiandika zoezi ubaoni, yeye hufikia nusu wakati ubao unafutwa. Mwezi uliopita alirudi nyumbani amechapwa viboko viwili kwa kosa la kutomaliza kunakili. Pia aliambiwa aache kuegemeza uso kwenye daftari kama mtu anayelinusa, kwa kuwa anajiharibu macho.

Jioni hiyo nilikaa na daftari lake la Hisabati, nikaona jambo ambalo limeninyima usingizi. Hesabu moja ilikuwa na alama ya kosa, nami nikaikokotoa upya, nikakuta jibu lake ni sahihi. Nilimwuliza mtoto wa jirani anayesoma naye darasa moja anionyeshe daftari lake. Kumbe mwalimu aliandika 83 kutoa 36, lakini Baraka alinakili 88 kutoa 30, akapata 58. Nyingine mwalimu aliandika 65 kujumlisha 28, yeye akanakili 66 kujumlisha 23, akapata 89. Alijibu vizuri hesabu ambazo hakupewa.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinipokea kwa heshima, lakini alisema shule yake haina mwalimu wa elimu maalumu, na kwamba watoto wa namna hii wana shule zao za bweni, nikatafute huko. Mume wangu anaona mwalimu mkuu amesema kweli, tena ananiasa nisigombane na walimu kwa sababu atakayeumia ni mtoto. Mama mkwe wangu yeye anasema mtoto akae tu nyumbani, atajifunza kufuga. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na nikiwa mbele ya walimu maneno hunipotea. Je, ni kweli kwamba Baraka hana haki ya kusoma pale? Nikiendelea kufuatilia, sitamfanya achukiwe? Na hilo la bweni, nilikubali au nilikatae?

Mama wa Kilosa

*

Marahaba, Mama Baraka.

Nianze na lile daftari, kwa sababu wewe unalisimulia kama jambo lililokunyima usingizi, ilhali mimi nimelisoma kama ushahidi bora kuliko cheti chochote unachoweza kupewa na ofisi. Nimefundisha wanafunzi wenye uoni hafifu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mara chache nimeona mzazi akigundua mwenyewe, bila kuelekezwa, tofauti kati ya mtoto asiyejua na mtoto asiyeona. Tarakimu 3, 6, 8 na 0 zote zina mviringo, na kwa jicho lenye ukungu kinachobaki ni huo mviringo tu. Mtoto aliyepata 58 kutoka 88 kutoa 30 anajua kutoa. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba usilifute daftari hilo, usiruhusu mtoto aandike masahihisho juu ya kurasa hizo, na umwombe yule jirani akuazime daftari la mwanawe kwa siku moja ili uende na madaftari yote mawili.

Sasa tuisome ile karatasi ya daktari, maana umeihifadhi vizuri lakini haijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Katika 6/60, namba ya kwanza ni umbali ambao Baraka alisimama mbele ya chati ya herufi, yaani mita 6. Namba ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho timamu angeweza kusimama na bado akaisoma herufi hiyohiyo, yaani mita 60. Kwa lugha ya darasani maana yake ni hii: akiwa mita 6 kutoka ubaoni, herufi inapaswa kuwa na urefu wa karibu sentimita 9 ndipo aitambue, tena kwa taabu. Akisogezwa hadi mita 2, herufi ya sentimita 3 anaweza kuitambua, lakini bado kwa kukodoa macho. Ili asome mstari mzima bila kuchoka, herufi inafaa iwe na ukubwa mara mbili ya huo, takriban urefu wa kidole cha shahada cha mtu mzima. Dawati la nne halimwezeshi hata kidogo. Maneno ya Kiingereza usiyoyaelewa, kwa kipimo hicho, huenda yanasema tu kwamba ana uoni hafifu, kwa maana kwamba si kipofu, ila ana upungufu wa kuona ambao miwani peke yake haiwezi kuumaliza. Jicho lililofunikwa na ukungu katika miaka ya mwanzo hukosa mazoezi ya kuona, na ubongo haujifunzi kikamilifu kusoma picha inayoletwa na jicho hilo, hata baada ya ukungu kuondolewa. Ndiyo maana daktari alisema mmechelewa. Hakuwa akikulaumu, na wewe usijilaumu, kwani weupe wa mboni umewapoteza wazazi wengi waliosoma kuliko wewe.

Kuhusu kuegemeza uso kwenye daftari, mwalimu amekosea, ingawa kosa hili wanalo watu wengi. Kusogeza kitabu karibu hakuharibu macho. Kwa mtoto kama Baraka, kufanya hivyo ndiyo njia ya kuifanya herufi ionekane kubwa, na akikatazwa ananyang'anywa kifaa pekee alichonacho. Kitu cha kufuatilia hapa ni kingine: mtoto aliyetolewa lenzi yake ya asili na kuwekewa ya bandia hawezi kulirekebisha jicho lake kutoka kuona mbali kwenda kuona karibu kama sisi tulivyofanya tukiwa watoto, na kwa kawaida huhitaji miwani yenye sehemu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa kusomea. Ukirudi kliniki, uliza kama miwani yake ina sehemu ya kusomea. Omba pia kwa maneno haya haya apimwe kwa ajili ya vifaa vya uoni hafifu, yaani kioo cha kukuzia maandishi ya kitabu na darubini ndogo ya kushika mkononi kwa ajili ya ubao. Wazazi wengi hawapewi vifaa hivyo kwa sababu hawajui kwamba vipo vya kuombwa.

Umeuliza kama Baraka ana haki ya kusoma pale. Anayo, na si kwa huruma ya mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kupokelewa katika shule ya umma au ya binafsi, kwamba atasoma katika shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na kwamba apatiwe huduma saidizi za kujifunzia. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, nayo inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto mwenye ulemavu elimu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 24 inazungumzia elimu jumuishi, na wizara yenyewe ina mkakati wa taifa wa elimu hiyo. Haya nimekuandikia uyajue wewe, uyabebe moyoni kama mtu abebavyo akiba. Usiyatoe mezani siku ya kwanza. Nimekaa upande wa pili wa meza ile, na ninajua kwamba mwalimu mkuu anayesomewa vifungu vya sheria kabla hajaombwa jambo lolote mahususi huacha kumfikiria mtoto, akaanza kujifikiria yeye.

Hapo ndipo ninapoona kasoro moja katika hatua uliyokwisha kuichukua, nawe uniwie radhi kwa kuitaja. Ulikwenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na uchungu wa haki, lakini hukwenda na ombi. Ulimwambia mtoto hasaidiwi. Yeye akasikia kwamba unadai mwalimu wa elimu maalumu, ambaye kweli hana, akakujibu kwa kile alichokisikia. Lakini vitu ambavyo mtoto wa 6/60 anavihitaji ili aanze kusoma wiki ijayo, karibu vyote havimhitaji mwalimu aliyetoka Chuo cha Patandi, kile cha walimu wa elimu maalumu. Anahitaji dawati la mbele, katikati, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni ili mwanga usimwingie machoni. Anahitaji mwalimu asome kwa sauti kile anachoandika ubaoni, jambo ambalo litawafaa pia wale wengine 80. Anahitaji ruhusa ya kusimama na kuusogelea ubao bila kuomba kila mara, au kunakili kutoka kwenye daftari la mwenzake anayeandika vizuri. Anahitaji kuandika kwa kalamu yenye wino mweusi uliokolea, katika daftari ambalo mistari yake imekolezwa kwa rula, kazi ambayo unaweza kuifanya wewe nyumbani jioni. Ubao ukiwa umefubaa, kuupaka rangi upya hakuhitaji mfadhili. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 anaweza kukataa kuongezewa kazi, na simlaumu. Lakini ukimwomba ahamishe dawati moja na asome kwa sauti, ni vigumu akose nafasi ya kufanya hivyo.

Anza na mwalimu wa darasa kabla ya kurudi kwa mwalimu mkuu. Nenda baada ya vipindi, si asubuhi anapokimbilia mstarini, na usianze na habari ya viboko. Fungua madaftari mawili, weka la Baraka kando ya la mwenzake, kisha nyamaza umwache aone mwenyewe. Umesema maneno hukupotea mbele ya walimu. Hapa huhitaji mengi, kwa kuwa madaftari yatasema. Nimewahi kuwa mwalimu huyo. Mama mmoja aliniwekea mezani daftari la binti yake, ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa nimemwandikia "zembe" kwa kalamu nyekundu, na mpaka leo ninaikumbuka rangi ya wino huo kuliko ninavyolikumbuka jina la shule.

Kuhusu viboko, lisemee jambo hilo baadaye, lakini usilimeze. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu maalumu. Kutomaliza kunakili kwa sababu ya kutoona hakumo. Ukifika kwa mwalimu mkuu, lieleze kwa sentensi moja tulivu: kwamba mtoto aliadhibiwa kwa jambo lililotokana na macho yake, na kwamba unaomba lisijirudie.

Baada ya mazungumzo hayo, hata kama yamekwenda vizuri, andika barua. Hapa nakuomba usinipuuze. Mwalimu wa darasa anaweza kuhamishwa likizo ijayo, na ahadi yake itahama naye. Barua hubaki kwenye jalada la shule. Haihitaji elimu kubwa kuliko uliyonayo, maana barua uliyoniandikia mimi imepangika kuliko nyingi nilizokuwa nikizipokea ofisini. Unaweza kuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" kama tulivyozoea, haidhuru, mradi yanayofuata yawe wazi. Kwa mfano:

"YAH: OMBI LA MWANAFUNZI MWENYE UONI HAFIFU KUSAIDIWA DARASANI. Mimi ni mzazi wa Baraka, mwanafunzi wa Darasa la Tatu. Mtoto huyu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na, kwa mujibu wa kipimo cha hospitali nilichokiambatisha, anaona kwa kiwango cha 6/60 katika kila jicho akiwa na miwani. Kwa sababu hiyo hawezi kusoma ubaoni akiwa dawati la nne, na nimeambatisha kurasa mbili za daftari zinazoonyesha kwamba hunakili tarakimu tofauti na zilizoandikwa, kisha hukokotoa kwa usahihi. Naomba akae dawati la mbele katikati. Naomba walimu wasome kwa sauti wanayoyaandika ubaoni. Naomba aruhusiwe kusogea ubaoni na kuegemea daftari lake anaposoma. Naomba asiadhibiwe kwa kuchelewa kunakili. Na naomba shule imworodheshe miongoni mwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu na kumtaarifu Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Niko tayari kufika shuleni baada ya wiki nne tutazame maendeleo yake."

Toa nakala mbili. Moja iache shuleni, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe iliyopokelewa, kisha urudi nayo nyumbani. Cheti cha daktari usikitoe. Peleka kivuli chake. Ile sentensi ya mwisho kuhusu wiki nne usiiache, kwa kuwa barua isiyo na tarehe ya kurejewa haina anayeikumbuka.

Kama wiki nne zikipita bila mabadiliko, nenda kwa Afisa Elimu Kata ukiwa na ile nakala yenye muhuri. Akishindwa naye, panda hadi halmashauri, uandike barua fupi kwa Mkurugenzi, kwa kupitia mwalimu mkuu ukiweza, ukiomba suala hilo lifikishwe kwa Afisa Elimu Maalumu, na uikabidhi masijala, ambako pia wataigonga muhuri. Afisa huyo ndiye anayejua ni shule zipi wilayani kwenu zina kitengo cha uoni hafifu na mwalimu aliyesomea, na anaweza kumwomba mwalimu huyo aje shuleni kwenu siku moja awaelekeze wenzake. Afisa Ustawi wa Jamii naye anafaa, hasa kwa upande wa vifaa na nauli ya kliniki. Halafu wapo watu ambao wazazi huwasahau: Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina wanachama wenye uoni hafifu pia, na ile sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi za chini. Mtu mzima aliyewahi kukaa dawati la nne bila kuona ubao, akienda nawe ofisini, hueleza kwa dakika tano jambo ambalo mimi nimelieleza kwa aya tano.

Unaogopa kwamba mtoto atachukiwa. Hofu hiyo ina msingi, na sitakudanganya kwamba walimu wote hupokea barua kwa moyo mweupe. Lakini fikiria hali iliyopo leo: Baraka tayari anachapwa, tayari anakatazwa kuliegemea daftari lake, na yote hayo yametokea mzazi akiwa kimya. Kwa uzoefu wangu, anayemletea mtoto chuki ni mzazi anayekuja siku moja kwa mwaka, akafoka mbele ya darasa, kisha akapotea. Mzazi anayeonekana kwenye kikao cha wazazi, anayerudi baada ya wiki nne kama alivyosema, na anayemshukuru mwalimu kwa dawati lililohamishwa kabla ya kudai la pili, huwa ni vigumu kumchukia, hata kama anasumbua. Baba Baraka anasema msigombane na walimu, nami nakubaliana naye kabisa. Mwombe basi aende nawe siku ya kupeleka barua. Ukweli usiopendeza ni kwamba katika ofisi nyingi baba akikaa kando ya mama, hata asiposema neno, jambo huenda haraka zaidi.

Tuje kwenye bweni. Siwezi kuzidharau shule hizo, kwa kuwa zimelea watu waliokuja kuwa walimu, mawakili na viongozi. Ile ya Buigiri wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950, na si mbali sana na kwenu. Zipo pia Irente huko Lushoto, Mugeza mjini Bukoba, na Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ambako wasioona husoma pamoja na wengine. Kwa mtoto asiyeona kabisa, anayehitaji kusoma kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, katika wilaya isiyo na mwalimu hata mmoja wa maandishi hayo, ningekuwa wa kwanza kukushauri ufunge begi lake. Lakini Baraka anasoma maandishi ya kawaida akiyasogeza karibu, anajua kujumlisha na kutoa, ana ndugu zake na rafiki wa jirani anayeweza kumwazima daftari. Kumtenga na hayo yote akiwa na miaka 10 kwa sababu dawati halikuhamishwa ni kuanza na dawa kali kabla ya kujaribu nyepesi. Jaribu kwanza muhula mmoja mzima kwa marekebisho niliyoyataja. Kama uoni wake ukishuka, au kama baada ya juhudi za kweli shule imeshindwa, hapo tutazungumza juu ya bweni, na hata hapo uulize kwanza kama kuna shule yenye kitengo wilayani ambayo anaweza kwenda na kurudi. Ukifika katika shule yoyote ya aina hiyo, uliza watamfundisha kwa maandishi yaliyokuzwa au kwa nukta nundu, na kwa sababu gani. Jibu lao litakuonyesha kama wameitazama karatasi ya daktari au wameitazama miwani yake tu.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mwakani Baraka atakuwa Darasa la Nne, na mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa kitaifa. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa saa moja na nusu, hiyo ni nusu saa nzima katika Hisabati, na kwa mtoto anayechelewa kusoma, si kukokotoa, nusu saa hiyo ni kubwa. Ila shule ndiyo inayosajili watahiniwa, na kama Baraka hajulikani shuleni kuwa na uoni hafifu, siku ya mtihani ataletewa karatasi ya maandishi madogo kama wengine na hakutakuwa na wa kumlaumu. Ndiyo maana katika barua ile nimeandika neno la kuorodheshwa. Usajili ukikaribia, nenda ukaulize kama jina lake limepelekwa likiwa na maelezo hayo.

Kwa mama mkwe nakushauri usibishane naye. Siku Baraka atakapotoka shuleni amemaliza kunakili zoezi lote, mpe daftari alisomee bibi yake kwa sauti, akiwa ameliegemea atakavyo.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Baraka mwenyewe anajua nini kuhusu macho yake? Watoto wengi wa aina yake hudhani kila mtu anaona kama wao, na kwamba wenzao wanawahi kwa kuwa wana akili zaidi. Mkalishe jioni moja, mweleze habari ya mita 6 na mita 60 kwa kupima hatua hapo uwanjani, naye asimame upande mmoja na wewe upande wa pili. Kisha mwulize ni katika umbali gani anaona vidole vyako, na umfundishe kusema mwenyewe, bila kunong'ona: "Mwalimu, naomba nisogee, sioni vizuri." Mjaribu mara kadhaa, wewe ukiwa mwalimu, mara moja ukimkubalia na mara moja ukimkatalia, ili siku atakapokataliwa kweli asirudi dawatini akanyamaza.